Dohani ya Nyumba Kuukuu: Kufagia Ni Nusu ya Kazi

Mwezi wa Juni ukiingia, wakazi wa nyanda za juu hutoa makoti yao makabatini. Lushoto, Mufindi, Njombe, Mbeya na, kwa upande wa Kenya, Limuru na Molo, ukungu hutanda tangu alfajiri, na usiku baridi hupenya hata ndani ya nyumba za mawe. Katika sehemu hizo zimesalia nyumba nyingi zilizojengwa kabla ya mwaka 1950: nyumba za nyakati za utawala wa Wajerumani katika milima ya Usambara, nyumba za mameneja wa mashamba ya chai, nyumba za misheni, na nyumba za maofisa wa serikali ya kikoloni. Baadhi yake leo ni makazi ya watumishi, nyingine ni shule, nyingine ni nyumba za wageni. Nyingi kati ya hizo hutambulikana tangu mbali kwa alama moja, nayo ni mnara mfupi wa matofali uliochomoza juu ya paa. Mnara huo ndio dohani.

Kwa sehemu kubwa ya mwaka hakuna aikumbukaye dohani. Siku ya kwanza ya baridi kali, mwenye nyumba huweka kuni mekoni akawasha moto. Moshi ukipanda vizuri, hujiambia kwamba dohani ni nzima. Ukirudi chumbani, humwita kibarua, naye hupanda juu ya paa na tawi la mti, akakwangua masizi kidogo, na shughuli ikaishia hapo.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini uamuzi huo wa haraka, katika hali zote mbili, unaweza kugharimu maisha ya watu. Kupanda kwa moshi si ushahidi kwamba dohani ni salama, wala kupungua kwa masizi si ushahidi kwamba kazi imekwisha. Dohani ya nyumba kuukuu huhitaji mambo mawili, yaani kufagiwa na kukaguliwa. La kwanza hujulikana na wengi. La pili, ambalo ndilo lenye uzito zaidi, aghalabu husahauliwa.

Nguvu ndogo, kazi kubwa

Ili tufahamu hatari zenyewe, yafaa kwanza tuelewe dohani hufanyaje kazi. Dohani haina mashine ndani yake. Kinachoupandisha moshi ni tofauti ya uzito tu, kati ya hewa ya moto iliyomo ndani na hewa baridi iliyoko nje.

Meta moja ya ujazo ya hewa yenye joto la nyuzi 10 za Sentigredi, kwenye usawa wa bahari, ina uzito wa kilo 1.25 hivi. Hewa hiyohiyo ikipashwa moto mpaka nyuzi 200 hutanuka, na meta moja ya ujazo hubaki na uzito wa kilo 0.75 tu. Hewa nzito ya nje husukuma kutoka chini, na hewa nyepesi hupanda juu kama mafuta yanavyoelea juu ya maji. Mwendo huo huitwa mvuto wa dohani.

Sasa tuchukue dohani yenye urefu wa meta 8 na tupime nguvu ya mvuto wake. Tutaona kwamba ni sawa na mkandamizo wa maji yenye kina cha milimeta 4 tu! Nguvu hiyo ni ndogo mno. Kiota cha ndege, tofali lililoanguka, au hata upepo unaopiga kutoka upande wa mlima waweza kuishinda. Tena, wakazi wa milimani wana upungufu wa aina yake. Mahali palipo na mwinuko wa meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, kama ilivyo karibu na Njombe, hewa ni nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja katika tano ikilinganishwa na ya pwani. Kwa hiyo dohani ileile, yenye moto uleule, hupoteza kiasi hicho cha mvuto wake, na zile milimeta 4 huwa zimebaki 3 na kidogo. Ndiyo kusema kwamba huko kwenye baridi, ambako dohani huhitajiwa zaidi, ndiko nayo huwa dhaifu zaidi.

Kuna kanuni chache ambazo wajenzi hodari wamezifuata kwa muda mrefu. Njia ya moshi yenye umbo la mraba isiwe na eneo lililo pungufu ya sehemu moja katika kumi ya kinywa cha meko. Kwa mfano, kinywa chenye upana wa sentimeta 90 na kimo cha sentimeta 70 chahitaji njia ya moshi ya sentimeta 25 kwa 25 hivi. Kichwa cha dohani nacho kipite mahali kinapotokea juu ya paa kwa sentimeta 90 angalau, na kiwe juu zaidi, kwa sentimeta 60, kuliko kitu chochote kilicho ndani ya umbali wa meta 3. Nyumba kuukuu nyingi zilitimiza masharti hayo zilipojengwa. Lakini tangu wakati huo chumba kingine huenda kimeongezwa ubavuni, na mkaratusi uliokuwa mche leo umelipita paa.

Masizi na lami

Kuni zinapoungua si zote zinazogeuka kuwa joto na majivu. Sehemu yake hutoka ikiwa moshi, nao ni mchanganyiko wa mvuke wa maji, chembe za kaboni na gesi zenye asili ya lami. Mchanganyiko huo ukipanda haraka ungali na joto, hutoka nje bila kuacha mengi njiani. Ukipanda polepole na kupoa chini ya nyuzi 120 hivi, huganda kwenye kuta za dohani jinsi mvuke wa sufuria unavyoganda kwenye kifuniko.

Utando huo hupita hatua tatu. Mwanzoni ni masizi laini, ambayo brashi huyaondoa bila taabu. Baadaye huwa magamba meusi yenye kumetameta, magumu kiasi cha kuhitaji chombo cha kukwangulia. Mwisho huwa lami iliyoganda kama kioo cheusi, iliyoshikamana na matofali, ambayo brashi hupita juu yake bila kuigusa. Lami hiyo ni kuni nyingine iliyohifadhiwa mahali pabaya. Cheche moja ikiifikia, moto huwaka ndani ya dohani yenyewe, nao waweza kupita nyuzi 1,000 za Sentigredi. Waliomo ndani ya nyumba husikia mvumo mzito kama wa dhoruba, na walio nje huona ndimi za moto zikitoka kichwani mwa dohani. Mara nyingine moto huo huwaka polepole ukajizima bila mtu kujua. Lakini matofali huwa yamepasuka, na tangu hapo nyumba huishi na jeraha lisiloonekana.

Wengi huamini kwamba msonobari ndio unaoleta lami, kwa sababu ya utomvu wake. Utomvu una sehemu yake, lakini mkosaji mkubwa ni maji. Kuni mbichi zaweza kuwa na maji yafikayo nusu ya uzito wake. Sehemu ya joto la moto hutumika kuyafanya maji hayo yawe mvuke, moto hupoa, na moshi hupanda ukiwa baridi. Kuni zilizopasuliwa na kuanikwa chini ya kipaa kwa miezi sita hadi mwaka mmoja, hata maji yake yakashuka chini ya asilimia 20, huacha utando mdogo zaidi, ziwe za muwati, za mkaratusi au za msonobari. Kosa la pili ni kuufukiza moto, yaani kuupunguzia hewa ili kuni zikeshe mpaka asubuhi. Moto wa namna hiyo hupika lami usiku kucha.

Hewa isiyoonekana

Moshi, pamoja na ubaya wake wote, una wema mmoja, kwamba huwasha macho na kumkohoza mtu hata akatoka nje. Lakini moto uliokosa hewa ya kutosha hutoa pia gesi iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi, wala harufu, wala ladha. Dohani iliyoziba huirudisha gesi hiyo chumbani. Dohani iliyopasuka huipitisha ukutani na kuipeleka katika chumba cha pili au cha juu, ambako huenda watoto wamelala na ambako hakuna moto uliowashwa.

Mfaransa Claude Bernard, katikati ya karne ya 19, alionyesha kwamba gesi hii huua kwa kuiondoa oksijeni katika damu. Mwishoni mwa karne hiyo Mwingereza John Scott Haldane aliivuta yeye mwenyewe kwa vipimo, akiandika jinsi akili na miguu yake vilivyokuwa vikimlegea. Leo twajua kwamba himoglobini, ambayo ndiyo hubeba oksijeni katika damu, huishika kaboni monoksidi kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Kwa hiyo hewa yenye sehemu moja tu ya gesi hii katika sehemu elfu moja, ikivutwa kwa saa kadhaa, yaweza kuiteka karibu nusu ya himoglobini yote ya mtu.

Dalili zake huanza kwa upole: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, na uchovu. Katika nchi zetu dalili hizo hudhaniwa upesi kuwa ni malaria. Lakini ipo tofauti moja ambayo kila mwenye nyumba yampasa kuijua. Kaboni monoksidi huwashika watu wa nyumba nzima kwa wakati mmoja, na nafuu huja wanapotoka nje. Familia inayoamka asubuhi wote wakiumwa kichwa, na mchana shambani wakawa wazima, yafaa iitazame dohani yake.

Hapa ni lazima tuseme pia juu ya jiko la mkaa. Dohani inapoziba, watu wengi huacha kuitumia, badala yake wakaleta jiko la mkaa chumbani, na wengine huliweka mlemle mekoni wakiamini kwamba dohani italisaidia. Mkaa uliokolea hautoi moshi, na jambo hilo ndilo huwadanganya watu. Hutoa kaboni monoksidi kwa wingi, nayo, dohani ikiwa imeziba, haina pa kwenda ila chumbani. Kulala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa kumewaua watu katika nyumba mpya na kuukuu, za matofali na za udongo.

Mtu aliyepatwa na sumu hii atolewe nje haraka, milango na madirisha yafunguliwe, kisha apelekwe hospitali. Desturi ya kumnywesha maziwa haimsaidii, kwa sababu sumu haimo tumboni, imo katika damu. Katika hewa ya kawaida kiasi cha sumu mwilini hupungua kwa nusu kila baada ya saa 4 hadi 5. Mgonjwa akipewa oksijeni safi hospitalini, muda huo hufupika ukawa kiasi cha saa moja na nusu.

Watoto waliofagia kwa miili yao

Kazi ya kufagia dohani ina historia ya kuhuzunisha, nayo inatuhusu, kwani sehemu ya maarifa tuliyo nayo leo ilinunuliwa kwa maisha ya watoto.

Baada ya moto mkubwa wa London wa mwaka 1666, mji ulijengwa upya kwa matofali, na matumizi ya makaa ya mawe yalivyozidi, dohani nazo ziliongezeka na njia zake zikawa nyembamba. Njia ya kawaida ilikuwa na sentimeta 23 kwa 36, na nyingine zilikuwa nyembamba zaidi. Mtu mzima hapiti humo. Basi walitumiwa watoto, wengi wao mayatima na wana wa maskini, waliopanda gizani kwa magoti na viwiko. Sheria ya mwaka 1788 ilikataza kumwandikisha mtoto aliye chini ya miaka 8, lakini haikufuatwa. Mwaka 1803 George Smart alitengeneza brashi yenye fimbo za kuunganishwa, iliyoweza kuifanya kazi hiyo bila mtoto kupanda. Hata hivyo wenye majumba wengi waliona mtoto ni nafuu zaidi. Sheria ya mwaka 1840 ilikataza mtu yeyote aliye chini ya miaka 21 kupandishwa ndani ya dohani, nayo pia ikapuuzwa. Haikuwa mpaka mwaka 1875, baada ya mtoto aitwaye George Brewster kufa kwa kukwama ndani ya dohani karibu na mji wa Cambridge, ndipo ilipotungwa sheria ya kuwataka wafagiaji wote wawe na leseni. Tangu hapo desturi ile ikakoma.

Wale ambao hawakufa ndani ya dohani walipatwa na jambo jingine. Mwaka 1775 daktari Percivall Pott wa London aliandika kwamba wafagia dohani walikuwa wakipatwa na saratani ya ngozi ya pumbu, akasema chanzo chake ni masizi yaliyojikusanya katika mikunjo ya ngozi hiyo. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa saratani kuhusishwa waziwazi na kazi ya mtu. Ushahidi wa maabara ulichelewa sana. Mwaka 1915 Wajapani Yamagiwa na Ichikawa walitangaza kwamba wameweza kuleta saratani kwenye masikio ya sungura kwa kuyapaka lami ya makaa ya mawe mara nyingi kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1930 wanasayansi wa Uingereza wakaitenga ndani ya lami hiyo kemikali iitwayo benzopirini. Leo masizi yamewekwa na wataalamu wa kimataifa katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kuwa vyaweza kumletea binadamu saratani.

Kwa hiyo kijana yule tunayempandisha paani na tawi la mti, bila kitambaa puani wala glavu mikononi, kisha akala chakula chake kwa mikono ileile, anatendewa jambo ambalo ubaya wake umejulikana tangu mwaka 1775.

Katika nchi nyingine kazi hii imepewa heshima na mafunzo. Nchini Ujerumani mfagia dohani ni fundi aliyesomea na kupewa cheti. Fundi wa wilaya ana wajibu wa kisheria wa kuzikagua meko na dohani zote za eneo lake mara mbili katika kila miaka saba, mbali na ufagiaji wa kawaida. Nchini Marekani, Shirika la Taifa la Kinga ya Moto, lililoanzishwa mwaka 1896, linataka kila dohani ikaguliwe mara moja kwa mwaka. Limeweka pia ngazi tatu za ukaguzi: wa macho kwa dohani isiyobadilishwa matumizi, wa kina zaidi nyumba inapouzwa, au baada ya moto au tetemeko, na wa kubomoa sehemu ya ukuta pale inaposhukiwa hatari iliyofichika. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba katika nchi zote mbili fundi huyu hufagia na pia hukagua.

Mkaguzi hutazama nini?

Tuchukue mfano wa nyumba ya matofali iliyojengwa milimani kabla ya vita vya pili vya dunia. Fundi mwenye ujuzi hataanza na brashi. Ataanza na maswali: Nyumba ilijengwa lini? Dohani ilitumiwa mara ya mwisho lini? Kuni gani huchomwa? Je, pamewahi kusikika mvumo ndani yake? Je, waliomo huumwa kichwa?

Kisha atatazama kwa nje. Dohani iliyoinama, nyasi au mche uliomea kati ya matofali, na kifuniko cha juu kilichopasuka, zote ni dalili kwamba maji ya mvua yameingia. Maji yakichanganyika na masizi huwa na asidi, nayo hula chokaa iliyoyashika matofali. Nyumba nyingi za zamani zilijengwa kwa chokaa na mchanga, si kwa saruji. Fundi huchokonoa maungio kwa msumari. Chokaa ikidondoka kama unga, dohani hiyo haina tena kinachoifunga.

Baada ya hapo ataingia darini. Sehemu hii hakuna mkazi aitembeleaye, na ndipo siri nyingi hukaa. Madoa ya kahawia kwenye ubavu wa dohani huonyesha kwamba lami inapenya. Boriti iliyochomekwa ndani ya ukuta wa dohani ni hatari kubwa zaidi. Mbao iliyopashwa joto miaka mingi hubadilika polepole ikakaribia kuwa mkaa, hata siku moja ikashika moto kwa joto ambalo zamani lisingeidhuru. Ndiyo sababu kanuni za sasa hutaka nafasi ya sentimeta 5 kati ya mbao na dohani iliyomo ndani ya nyumba.

Ndipo atakapotazama ndani ya njia ya moshi, kwa tochi na kioo, au kwa kamera ndogo iliyofungwa kwenye fimbo. Anachotafuta ni bitana, yaani ukuta wa ndani unaoyakinga matofali. Katika Uingereza waashi wa zamani walipaka lipu ya chokaa iliyochanganywa na kinyesi cha ng'ombe, kwa sababu ilistahimili joto bila kupasuka upesi. Huko mabomba ya udongo wa kuchoma au mfano wake hayakuwa sharti la sheria ya ujenzi mpaka miaka ya 1960. Wajenzi waliokuja kwetu walileta desturi za kwao. Kwa hiyo isitushangaze kukuta kwamba dohani kuukuu haina bitana kabisa, au kwamba lipu yake imebanduka na kubaki matofali matupu yenye nyufa.

Nyufa hizo nazo si za uzee peke yake. Nyanda zetu za juu zimo kandokando ya Bonde la Ufa, ambako ardhi haitulii. Tetemeko la Subukia nchini Kenya, la tarehe 6 Januari 1928, lilitokea katikati ya maeneo yenye nyumba za namna hii. Na lile la Bukoba la tarehe 10 Septemba 2016 liliangusha nyumba nyingi na kuua watu. Dohani, kwa kuwa ni ndefu na nzito, tena imesimama peke yake juu ya paa, huwa miongoni mwa sehemu za mwanzo kupasuka. Nyumba yaweza kuonekana imesalimika kabisa, na ufa ukawa umejificha darini.

Ufagiaji huja baada ya hayo. Kinywa cha meko huzibwa kwa turubai ili masizi yasijae chumbani. Brashi yenye ukubwa ulio sawa na njia ya moshi hupitishwa kwa fimbo, kutoka juu au kutoka chini, mpaka kuta zionekane. Kisha rafu iliyo nyuma ya koo la dohani husafishwa, maana masizi na matofali yaliyovunjika hutua hapo. Viota vya ndege huondolewa. Nyuki nao hupenda dohani isiyotumika. Wasichomwe humo humo, kwa sababu nta na masega yao ni chakula kizuri cha moto. Aitwe mrina asali awahamishe.

Mwisho hufanywa jaribio la moshi. Kichwa cha dohani huzibwa, kitu chenye kutoa moshi mwingi huwashwa mekoni, kinywa hufunikwa, na watu hutawanyika katika vyumba vyote mpaka darini. Moshi ukichungulia kupitia ukuta wa chumba cha kulala, swali limejibiwa. Ufagiaji, hata uwe mzuri namna gani, usingeonyesha jambo hilo. Kinyume chake, masizi mazito huweza kuuziba ufa mdogo kwa miaka mingi, na siku dohani inapofagiwa pasipo kukaguliwa ndiyo siku ufa huo unapofunguka.

Mwenye nyumba afanye nini?

Dohani ikaguliwe mara moja kila mwaka, na mwezi unaofaa ni Mei, mvua za masika zinapomalizika na baridi haijaingia. Utando ukifika unene wa milimeta 3, ifagiwe bila kungoja. Nyumba iliyokaa bila moto kwa miaka mingi isiwashwe moto kabla ya ukaguzi, hata kama wageni wamekwisha fika na baridi ni kali. Mahali ambapo hapana fundi wa dohani, mwashi mzoefu na fundi seremala wakishirikiana, wakiwa na tochi, kioo na makala kama haya mkononi, wanaweza kuona mengi. Wavae vitambaa vya kuzuia vumbi puani na mdomoni, miwani na glavu, ngazi ifungwe, na kazi ikiisha waoge kabla ya kula.

Kwa wale wanaoweza, vipo vifaa vidogo vya betri ambavyo hupiga kelele kaboni monoksidi inapozidi chumbani. Kifaa hicho kiwekwe katika chumba cha kulala, lakini kisichukuliwe kuwa badala ya ukaguzi. Mlinzi anayepiga kelele mwizi akiwa ndani ni bora kuliko kukosa mlinzi, ila mlango uliofungwa ni bora zaidi.

Na ikiwa ukaguzi utaonyesha kwamba dohani imepasuka, wala fedha za kuitengeneza hazipo, basi meko yafungwe kwa matofali, watu wajifunike mablanketi. Uamuzi huo ni mgumu katika usiku wa Julai, hasa shuleni penye watoto wengi, lakini ni wa busara. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa dohani ya nyumba kuukuu shida ni kwamba ufa wenyewe hauonekani na mtu aketiye mbele ya moto. Sharti mtu apande darini na tochi akautafute, na autafute kabla baridi haijaingia.